Laki Sita za Julai: Kikoba, SACCOS, Benki au Kausha Damu?

Juni 2025, jioni, jirani yangu wa Kibirizi aliingia uani kwangu na karatasi mkononi. Kijana wake wa kwanza alikuwa amefaulu kidato cha nne na kupangiwa kidato cha tano huko Tabora. Karatasi ilikuwa maelekezo ya kujiunga: godoro, tranka, mashuka, sare jozi mbili, viatu vyeusi, ndoo, madaftari makubwa, rimu ya karatasi, na nauli juu yake. Tukakaa mkekani tukapiga hesabu mstari kwa mstari, tukaongeza na kidogo cha kijana kushika mfukoni. Ikafika laki sita. Akanitazama akasema, "Dada, laki sita hizi nikazikope wapi?"

Nilimjibu siku ile kwa haraka, kisha usiku nikalala nikijua nimempa nusu ya jibu. Ni mwaka wa kumi na moja sasa niko mweka hazina wa kikoba hapa Kigoma, na swali hilo nimeulizwa kila Januari na kila Julai. Naliandika kwa urefu ili anayefuata asilazimike kuamua akiwa amesimama mlangoni.

Ada ya shule haikuwemo kwenye ile laki sita. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016, na kuanzia Julai 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa. Ni msaada mkubwa na nausema wazi. Lakini watu wakisikia "bila ada" hudhani mzazi hana kazi tena. Kinachotukaba ni vile vitu vinavyoizunguka ada, kwa sababu vinadaiwa vyote kwa mkupuo, ndani ya wiki mbili tatu. Na Bodi ya Mikopo haifiki huku. Inakopesha wa vyuo vikuu, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya wanaosoma stashahada. Wa kidato cha tano ni wa mzazi wake.

Tazama kalenda kabla ya riba

Watu wengi wakija kuuliza mkopo huuliza kwanza, "Riba asilimia ngapi?" Nimejifunza kuuliza kwanza: rejesho linadaiwa lini, na wewe fedha yako inaingia lini?

Jirani yangu hununua dagaa wabichi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anaanika, anauza. Fedha yake inafuata mwezi wa mbinguni. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inalala. Giza likirudi, kazi inarudi. Kila mwezi kuna siku kama nane au kumi ambazo mwalo unakuwa mkimya. Masika nayo ina lake: mvua ikinyesha dagaa wakiwa wametandazwa mchangani, mtaji umeoza. Na shule za Januari zinafunguliwa mvua zikiwa bado zinanyesha.

Kisha kukaja kufungwa kwa ziwa. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, na 2025 ikawa hivyo hivyo. Mimi silaumu ziwa kupumzishwa. Samaki walikuwa wanapungua, na aliyekaa hapa miaka ishirini anajua mgebuka wa zamani na wa sasa. Ila kidato cha tano hufunguliwa Julai. Yaani mzazi wa mwaloni anadaiwa godoro na tranka katikati kabisa ya miezi mitatu asiyo na kipato.

Kwa hiyo mkopo wa riba ndogo unaodai rejesho kila wiki kuanzia Julai unaweza kumuumiza mtu huyu kuliko mkopo ghali kidogo unaodai mwisho wa Septemba. Shika hilo tunapoendelea.

Kausha damu

Naanza na hii, mikopo ya riba kali inayodai rejesho kila siku, kwa sababu ndiyo inayopatikana upesi kuliko zote. Unapewa siku hiyo hiyo, huulizwi hisa, huulizwi wadhamini watatu. Unaacha televisheni, jokofu, kadi ya benki au kitambulisho, unasaini.

Chukua mfano wa kawaida. Unapewa 500,000, unarudisha 20,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 600,000. Mtu anajiambia riba ni asilimia 20, si mbaya sana. Sasa hesabu vizuri. Ukifika siku ya kumi na tano umesharudisha 300,000. Hukukaa na ile laki tano mwezi mzima. Kwa wastani umekaa na kama nusu yake, na kwa nusu hiyo umelipa 100,000. Riba yenyewe iko karibu na asilimia 40 kwa mwezi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwaweka wakopeshaji hawa chini ya Benki Kuu, wanatakiwa wawe na leseni, na riba yao haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha 3.5 na 40.

Halafu rudi kwenye mbalamwezi. Siku nane za mwalo mkimya, kwa 20,000 kila siku, ni 160,000 za malimbikizo, na faini juu. Mkusanyaji hatazami mbinguni, anakuja kila jioni. Nimeona mama akihama kwa dada yake siku tatu asikutwe nyumbani. Nimeona tranka ya mtoto ikichukuliwa pamoja na redio. Mkopo uliokopwa ili mtoto asome ulimtoa mtoto shule wiki mbili akabebe matofali asaidie kulipa. Mama huyo alikuwa mwanakikundi wetu, na alikwenda huko kwa sababu siku ile sanduku letu lilikuwa tupu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kama huna njia nyingine na lazima ukope kwa mtu binafsi au kampuni, dai kuona leseni ya Benki Kuu, dai mkataba wa Kiswahili unaoeleza jumla utakayorudisha kwa shilingi, na usiache kadi ya benki na namba ya siri. Mwalimu anayeacha kadi amekabidhi mshahara.

Mkopo wa kwenye simu

Una nafasi yake ndogo. Huduma za kampuni za simu zenyewe, zinazotolewa pamoja na benki, zinafaa kuziba siku mbili tatu: nauli imepungua elfu ishirini na una hakika ya fedha Ijumaa. Kwa laki sita hazifai. Kiwango unachopewa ni kidogo na muda ni mfupi.

Programu za kupakua ni habari nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Nyingi za aina hiyo zinaomba ruhusa ya kuona namba zote kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja wanaanza kuwatumia ujumbe mkwe wako, mwalimu wa mwanao na shehe wa mtaa. Fedheha hiyo haina rejesho.

Kikoba, na mchezo

Hapa niko nyumbani, kwa hiyo nipime kwa uangalifu nisivute upande wangu.

Kikoba chetu kina wanachama 28. Tunanunua hisa kila Jumamosi, kuanzia moja hadi tano. Mwanachama anakopa hadi mara tatu ya hisa zake, kwa asilimia 10 inayotozwa mara moja kwa miezi mitatu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Mwaka wa kikoba ukiisha tunavunja: kila mtu anarudishiwa hisa zake na gawio la faida.

Watu wanasema kikoba hakina gharama kwa sababu riba inarudi kwenu wenyewe. Ni kweli nusu. Riba unayolipa inagawanywa kwa wote kulingana na hisa. Kama wewe una hisa chache lakini unakopa sana, riba yako inakwenda kwa wenye hisa nyingi wasiokopa. Kama unanunua hisa kama wengine na unakopa kama wengine, mnazungushiana tu, na gharama yako halisi inakaribia sifuri. Kabla ya kusifu kikoba jiulize uko upande gani. Katika miaka yangu kumi na moja nimeona akina mama maskini zaidi ndio wanaowapa gawio walio na nafuu. Ndiyo maana tuliweka kikomo cha hisa tano kwa wiki.

Uzuri mkubwa wa kikoba kwa mtu wa mwaloni ni kwamba sisi wote tunaijua mbalamwezi. Hakuna anayemdai mwenzake rejesho siku ambazo hata mwenyekiti hana kitoweo. Udhaifu wake ni huo huo: wote tuna kalenda moja. Ziwa likifungwa, wote tunataka kukopa siku moja. Kikundi cha wavuvi watupu, wachuuzi wa dagaa watupu, kitakauka Julai. Kikundi kizuri kina mchanganyiko, mwenye genge, fundi cherehani, mwalimu mmoja wawili, mwenye michikichi.

Kuhusu riba, wapo wengi hapa Kigoma na Ujiji ambao dini yao haiiruhusu, na nawaheshimu. Kwao mchezo ndio safi. Watu kumi, kila mmoja anatoa 60,000 kwa mwezi, mmoja anabeba laki sita. Hakuna riba wala gawio. Kitu cha kupigania ni zamu: mwenye mtoto wa kidato cha nne aombe zamu ya Juni tangu mchezo unapoanza, asikubali kura. Hatari yake ni anayebeba mapema kisha akaacha kutoa. Mchezo hauna sanduku wala katiba, una uso wa mtu tu. Cheza na watu unaozijua nyumba zao.

SACCOS

Kwa mwalimu, nesi, mtendaji wa kijiji, yaani mwenye mshahara, sioni sababu ya kwenda kwingine. SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, riba yake ni ya asilimia moja na kitu kwa mwezi kwenye salio linalopungua, yaani kwenye deni lililobaki tu, na rejesho linakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Kalenda yako ni tarehe ya mshahara, na kalenda ya SACCOS ni hiyo hiyo.

Kwa asiye na mshahara bado inawezekana, hasa SACCOS za wakulima na wafanyabiashara kule Kasulu na Kibondo, lakini lazima uwe umeingia mapema. Nyingi hudai miezi kadhaa ya uanachama kabla ya mkopo wa kwanza, na wadhamini ambao nao ni wanachama. Mzazi anayeijia SACCOS mwezi Juni amechelewa. Aliyeingia mtoto akiwa kidato cha pili amefika kwa wakati. Uliza pia kama usajili wake uko hai na hesabu zinakaguliwa, maana zipo zilizokufa na akiba za watu.

Benki

Riba ya Benki Kuu ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikapanda hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huo huo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Mtu wa mwaloni anaisikia redioni, anashangaa mbona yeye anaambiwa 15 au 17 kwa mwaka. Ile ya kwanza ni ya benki na benki. Wewe unaongezewa gharama ya kukufuata, ya kutokujua historia yako, na ya hofu kwamba kiwanja chako hakina hati ya kuuzika. Kwetu hofu hiyo ndiyo ghali. Mwanamke mwenye chanja kumi za kuanikia dagaa na wateja wa miaka kumi mpaka Dar es Salaam, kwenye fomu ya benki hana kitu.

Kwa wakulima kuna dirisha. Mwaka 2021 Benki Kuu ilizipa nafuu benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, na tangu hapo mikopo ya aina hiyo imepatikana. Mwenye shamba la michikichi au maharage akiipata, aiweke shambani kweli, na shule ilipwe na mavuno. Kuingiza mkopo wa shamba kwenye godoro ni kujitengenezea deni bila shamba.

Mkopo wa halmashauri

Ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba kabisa. Ulisimamishwa Aprili 2023 kwa kuwa fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi hewa vilikuwa vingi, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa gharama hakuna unaoushinda.

Ila ni wa kikundi, ni wa mradi, na unachukua miezi. Ukiutaka kwa ajili ya Julai, mradi uwe umeanza mwaka uliotangulia. Nawashauri akina mama waombe kwa ajili ya chanja za kuanikia. Dagaa wa chanja hawali mchanga, mvua ikija unafunika upesi, na bei yake ni nzuri kuliko ya dagaa wa chini. Faida hiyo ndiyo inunue sare.

Kuuza kabla

Hii haiitwi mkopo lakini ni mkopo. Mchuuzi anakuja Desemba au Juni, anakupa fedha taslimu kwa mawese ambayo bado yako juu ya mchikichi, kwa bei yake. Wa tumbaku kule Urambo na Kaliua wanaijua kwa sura yao: anayeuza mlangoni kwake kabla ya soko la chama cha ushirika kufunguliwa anapata fedha leo na kubaki na deni la mbolea. Ukilinganisha bei uliyopewa na bei ya msimu, mara nyingi umelipa riba ya kausha damu bila kuiona. Mwenye mawese ana njia bora, kuweka madumu mawili matatu pembeni wakati bei iko chini na kuyatoa shule zinapofunguliwa.

Laki sita kwa tarakimu

Nimeweka mfano wa laki sita, ili macho yaone. Viwango vya SACCOS na benki hutofautiana, uliza kwako.

| Unakokopa | Gharama ya kukopa | Rejesho |
|---|---|---|
| SACCOS, 1.5% kwa mwezi, miezi 6, salio linalopungua | 31,500 | Kila mwezi |
| Benki, 17% kwa mwaka, miezi 6, salio linalopungua | 29,750, bado ada na bima | Kila mwezi |
| Mwenye leseni, 3.5% kwa mwezi, miezi 6, salio linalopungua | 73,500 | Kila wiki au mwezi |
| Huyo huyo, 3.5% kwenye mkopo wote mpaka mwisho | 126,000 | Kila wiki au mwezi |
| Kikoba chetu, 10% kwa miezi 3 | 60,000, sehemu inarudi | Ndani ya miezi 3 |
| Mchezo | 0 | Kila mwezi |
| Kausha damu, 20% kwa mwezi | 120,000 kwa mwezi mmoja tu | Kila siku |

Tazama mstari wa tatu na wa nne. Asilimia ni ile ile 3.5, tofauti ni shilingi 52,500. Neno moja la kuuliza ofisini: riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua, au kwenye mkopo wote? Anayekwepa swali hilo, ondoka.

Jirani yangu alivyofanya

Hisa zake kikobani zilikuwa 150,000, kwa hiyo alistahili 450,000. Sanduku letu mwaka huo lilikuwa na fedha kwa sababu mwalimu mmoja na wenye maduka hawakukopa. Laki na nusu iliyobaki aliipata kwenye magunia ya dagaa wakavu aliyoyaficha tangu Aprili. Ziwa likiwa limefungwa bei ya dagaa ilikuwa imepanda, akauza polepole kwa waliokuja na gari la Kasulu. Kijana akaondoka na tranka yake.

Deni lilikuwa 495,000, mwisho wake Septemba. Ziwa lilifunguliwa 15 Agosti, mbalamwezi ikiwa inaisha. Giza la kwanza lilimpa 300,000 za kurudisha, giza la Septemba likamaliza. Angekuwa kwenye rejesho la kila siku, angeshakuwa na malimbikizo ya siku arobaini na kitu kabla mtumbwi wa kwanza haujashuka majini.

Mwaka mpya wa kikoba tulipokutana, yeye ndiye aliyesimama kusema siku ya kuvunja ihamishwe. Kuvunja Desemba, alisema, kunalisha sikukuu. Tulibishana Jumamosi mbili nzima, maana wapo wenye watoto wa Januari nao wana haki. Tukaishia kuligawa: robo ya hisa inatoka Januari wiki ya kwanza, iliyobaki na gawio inatoka wiki ya kwanza ya Mei, kabla ya mitumbwi kuvutwa nchi kavu. Yeye sasa ananunua hisa tano kila Jumamosi. Binti yake wa pili yuko kidato cha tatu.